Tulivyomshinda Jirani kwa Mafuta Yasiyokamuliwa

Wako watu walioipigania nchi hii kwa bunduki. Mimi niliipigania kwa penseli, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, katika ofisi moja ya mipango mjini Dodoma, na nikashinda. Ushindi wenyewe upo kwenye maandishi mpaka leo, kama panya hawajaufikia. Siusimulii kwa kujisifu. Nausimulia kwa sababu aliyeulipia ni baba yangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi, viberiti na muuzaji anayesinzia yalianza kujaa vitu: sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua, mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo kwenye madumu ya njano, na marobota ya mitumba yenye makoti mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Serikali ilikuwa imegundua kwamba biashara si dhambi. Wakubwa waliotuhutubia miaka yote juu ya kujitegemea sasa walituhutubia juu ya soko, wakiwa wamevaa suti zilezile za mikono mifupi, na wala hawakukohoa pale walipobadilisha mstari.

Mimi nilikuwa karani wa takwimu. Kazi yangu ilikuwa kupokea tarakimu kutoka kwa watu wasiozijua na kuzipeleka kwa watu wasiozisoma. Niliifanya kwa bidii, kwa sababu nilikuwa mdogo na nilikuwa binti wa kwanza katika ukoo wetu kukaa mezani na kugongewa mlango.

Siku moja waraka ukashuka kutoka juu. Wafadhili walitaka kujua, kati yetu na nchi moja ya jirani, nani anazalisha zaidi viwandani. Nchi hiyo sitaitaja, maana bado tunasalimiana. Nitaiita Jirani tu. Waraka ulituita sote wawili "chumi ndogo zinazoendelea." Zinaendelea kwenda wapi haukusema, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Kila mkoa ulitakiwa kujaza ukurasa wake, kurasa zijumlishwe, kisha makarani wa pande zote mbili wakutane kusawazisha hesabu.

Mkuu wangu wa kazi, mtu mpole aliyevaa tai hata Jumamosi, aliniita ofisini kwake akafunga mlango.

"Binti, hii ni mechi," alisema. "Jirani yuko uwanjani, anapasha misuli. Na sisi mkoa wetu hauwezi kupeleka ukurasa mweupe."

Nikamwambia nitajitahidi. Kisha nikasoma kiambatisho, ambacho yeye hakukisoma kwa sababu kilikuwa nyuma. Kiambatisho kilisema kwamba wafadhili wametoa spea. Kiwanda kilichosimama kwa kukosa kifaa kitaletewa kifaa hicho. Kiwanda kinachofanya kazi kitaachwa kiendelee kufanya kazi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: madhumuni haya yasielezwe kwa viwanda vyenyewe, wasije wakadanganya ili wapate spea. Hivyo ndivyo wenye hekima walivyopanga tupate ukweli mtupu.

Kulikuwa na sharti lingine. Kiwanda ni mahali penye wafanyakazi kumi na kuendelea. Nikaanza kuzunguka mjini na orodha yangu na kugundua jambo la ajabu: kila mahali palipokuwa na kitu kinachotengenezwa, watu hawakufika kumi. Fundi bati aliyegonga koroboi na masufuria kuanzia asubuhi hadi jioni alikuwa na mdogo wake tu. Waliokata matairi kuyafanya viatu walikuwa watatu. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, nyuma ya jiko. Alinunua mbegu kwa wakulima wa Haneti, akakamua yeye na wanawe wawili, na mtaa mzima ulikaangia mafuta yake. Kwa mujibu wa waraka, hawa wote walikuwa hawazalishi chochote. Niliwapita na fomu zangu kwapani, wakaniaga wakiwa wamelowa jasho.

Kiwanda halisi, kilichotimiza masharti yote, kilikuwa kimoja kwenye upande wangu wa orodha: kinu cha shirika la umma cha kukamua mafuta ya alizeti na karanga. Kilikuwa na wafanyakazi wa kutosha, uzio, mlinzi, na king'ora kilicholia kila asubuhi mji mzima ukasikia. Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Na fundi mkuu wa kinu hicho alikuwa baba yangu.

Baba alitoka kijijini akiwa kijana, akaanza kwa kubeba magunia ya mbegu, akaishia kuwa mtu pekee mjini aliyeweza kuisikiliza ile mashine kubwa na kusema inaumwa wapi. Nilipokuwa mdogo alirudi nyumbani ananukia karanga. Alituletea chupa ya mafuta kila mwisho wa wiki na mashudu kwa ajili ya mbuzi. Nilipoanza kazi nilipanga chumba changu upande wa pili wa mji, nikawa naenda kuwaona Jumapili. Nilikuwa nimesikia kwamba chupa zimekoma, na mashudu pia. Baba alisema wamebana taratibu. Mama alinunua mafuta ya dumu dukani, na mimi nilikula ugali wa uwele na mlenda wao, nikarudi kwangu. Kila asubuhi baba aliondoka na ovaroli yake, kila jioni alirudi na grisi mikononi. Mtu mwenye grisi mikononi unamuuliza nini?

Nilifika kinuni asubuhi ya katikati ya wiki, vumbi la kiangazi likiwa limeshaamka. Mlinzi aliniambia meneja amesafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia. Kufuatilia ilikuwa taaluma kamili miaka ile, watu waliizeekea. Asiporudi meneja, alisema, fomu hujazwa na fundi mkuu.

Wafanyakazi walikuwa wamekaa kivulini kwenye ukuta wa ghala, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Waliponiona na faili walisimama wote kwa pamoja, na mmoja akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Baba akatoka ndani akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Karibu kiwandani."

Alinikaribisha kana kwamba sijawahi kufika, mimi niliyemletea chakula cha mchana pale tangu darasa la pili. Akageuka kwa wenzake.

"Huyu ndiye binti yangu," aliwaambia. "Ametumwa na serikali. Na mashine hii mnayoiona ndiyo iliyomsomesha."

Wakapiga makofi kidogo. Nikatazama mashine iliyonisomesha. Ilikuwa safi kuliko vyombo vya mama yangu. Ilikuwa imepakwa grisi kila kiungo, imefutwa vumbi, na kimya. Hapakuwa na harufu ya karanga wala ya alizeti, ila harufu ya grisi tu. Juu, kwenye mdomo wa kumwagia mbegu, ndege alikuwa amejenga kiota na alikuwa akiingia na kutoka kwa raha zake, kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Shafti ya kukandamizia ilikuwa imelazwa sakafuni juu ya gunia, imekatika vipande viwili, navyo vimepakwa grisi.

Hapo ndipo nilipoelewa ile grisi ya mikononi. Baba yangu alikuwa akitoka nyumbani kila siku kwenda kuiosha maiti na kuipaka mafuta.

Nilijua kilichokuwa mkononi mwangu. Kiambatisho kilikuwa ndani ya faili. Shafti ile ilikuwa ndiyo hasa kitu kilichosubiriwa na fomu ile. Ilitosha baba aseme imesimama, niandike, na shafti mpya ingekuja. Nami nilikatazwa kusema. Nikafungua fomu na kusoma swali la kwanza kwa sauti ya kiofisi, nikiomba moyoni ajibu kama mtu, asijibu kama baba.

"Mitambo inafanya kazi?"

Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake nusu duara. Baba alinitazama, akatazama faili, akatazama viatu vyangu vya visigino.

"Inafanya," alisema.

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Nikaandika: inafanya.

"Uzalishaji ukoje?"

"Mzuri. Hatujambo."

Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu nzuri hata kama amefiwa jana. Baada ya nzuri ndipo inapokuja ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila mvua imetutupa. Niliisubiri ile ila na penseli hewani. Fomu haikuwa na nafasi yake, lakini ningeibana pembeni. Haikuja. Mbele ya wenzake, na mbele yangu, baba aliishia kwenye nzuri.

"Kwa siku mnatoa kiasi gani?"

Hapo alisita. Kisha akasogea kwenye mashine, akainamia kibao cha shaba walichokipigilia walioiunda, akakisugua kwa kidole gumba na kunisomea kiasi ambacho mashine hiyo, ikiwa mpya, katika nchi yake ilikozaliwa, yenye umeme usiokatika, ingeweza kukamua kwa siku. Tarakimu hiyo sitaitaja, kwa heshima ya mashine marehemu. Niliiandika.

"Jumapili mnapumzika?"

"Mashine haiendi kanisani," alisema baba, na wote wakacheka, hata mimi.

Kwa hiyo nikazidisha kwa siku zote za mwaka, Krismasi na Iddi zikiwemo. Baba akaweka sahihi yake chini, polepole, herufi moja moja, akijivunia kila herufi. Kisha akanisindikiza mpaka getini na kuniambia nisipite njia ya stesheni, kuna matope ya bomba lililopasuka.

Mtu ataniuliza: ulikuwa na macho, ulikuwa na penseli, mbona hukuandika ulichokiona? Ni swali zuri na huulizwa na watu ambao hawana baba. Kwetu mtoto hamrekebishi mzazi mbele za watu. Na ofisini, siku tatu mfululizo, niliitoa ile fomu na kuishika na kifutio. Kufuta tarakimu ilikuwa rahisi. Lakini chini yake palikuwa na ile sahihi, na kuandika sifuri juu ya sahihi ya baba ilikuwa ni kumwita mwongo kwenye karatasi ya serikali. Siku ya nne mkuu wangu aliichukua, akaisoma, akalegeza tai.

"Sasa hapa tunazungumza," alisema.

Mkutano wa kusawazisha ulifanyika mjini kwetu, kwenye ukumbi wenye feni tatu, zote za mapambo. Kwa upande wetu niliwekwa mimi; Jirani alimleta karani mmoja, kijana mwembamba wa rika langu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza na adabu nyingi. Wakubwa walifungua kikao, wakapiga picha, wakaondoka. Tukabaki sisi wawili na marundo mawili ya karatasi. Tulilinganisha saruji na saruji, nguo na nguo, sigara na sigara. Tulikuwa tumekabana koo. Yeye alikuwa na kiwanda kimoja cha sabuni kilichokuwa kinatoa sabuni za kutosha kuogesha bara zima. Mimi nilikuwa na mafuta ya baba.

Siku ya pili, wakati wa chai, aliniomba jambo.

"Dada, nataka kumpelekea mama yangu chupa ya mafuta yenu haya maarufu. Hapo kiwandani wanauza?"

Nikamwambia asihangaike, nitamletea mwenyewe. Jioni nikampelekea mama mwenye nyumba chupa tupu, naye akanijazia, mafuta bado ya moto. Asubuhi nikamkabidhi mgeni. Aliinyanyua juu akaitazama kwenye mwanga, akainusa, akanitazama.

"Mazuri sana," alisema. "Kiwanda chenu umekiona kwa macho yako?"

"Nimekiona. Na chako cha sabuni?"

"Nimekiona. Paa limeezuliwa na upepo, mbuzi wanalala ndani." Akaiweka chupa mezani. "Lakini kibao chake cha shaba kipo, dada. Kinasomeka vizuri sana."

Tulicheka mpaka mhudumu wa chai akaja kuona kuna nini. Wenzake walikuwa wamesoma kibao, sisi tulisoma kibao, na nchi mbili zilikuwa zimekaa ukumbini zikishindana kwa vibao vya mafundi wa Ulaya. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nyani wawili waligeuziana migongo wakaona vizuri kabisa. Kicheko kilipoisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila utani.

"Nikifuta sabuni yangu, utafuta mafuta yako?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika utumishi wangu. Hapakuwa na baba pale, wala wenzake wa kinu, wala mkuu wa kazi. Palikuwa na watu wawili wanaojua ukweli, na kifutio. Nikafikiria shafti iliyolazwa juu ya gunia. Nikafikiria pia kwamba nikifuta nitaulizwa kwa nini sikufuta mapema, na kwamba akisahau kufuta yeye, tutashindwa, na mwenye kosa nitakuwa mimi. Nilimwambia sahihi zimekwisha kuwekwa. Akaitikia kwa kichwa, akamalizia andazi lake. Nadhani naye alipumua.

Tulishinda. Kwa tofauti ndogo, lakini tulishinda, na taarifa ilieleza kwamba nguvu ya nchi yetu imeonekana hasa katika usindikaji wa mazao ya kilimo. Mkuu wangu alinunua soda kwa ofisi nzima. Miezi michache baadaye ikaja orodha ya spea. Shafti zilikwenda mikoa mingine, kwa watu ambao baba zao labda walikuwa na bahati ya kuhojiwa na wageni. Mbele ya jina la kinu chetu paliandikwa kwamba kinajitosheleza.

Kilijitosheleza kwa mwaka mmoja zaidi. Kisha likaja wimbi la kuuza mashirika, na mnunuzi aliyekuja kukitazama hakuuliza habari ya mashine. Aliuliza paa linavuja au halivuji. Kwa kuwa halikuvuja, alikinunua. Mashine ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na ghala likajazwa madumu ya njano ya mafuta ya ng'ambo. Wafanyakazi walipewa barua. Mji wetu uliojaa alizeti ukawa na ghala zuri sana la mafuta ya watu wengine, na kwenye vitabu vyetu tukaliandika chini ya maendeleo ya sekta binafsi. Niliyeandika ni mimi.

Nilikwenda kumwona baba jioni ya siku aliyopata barua yake. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Sikuwahi kuiona mikono ile ikiwa safi siku ya kazi. Mama alikuwa ndani na hakutoka. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu yake, na kwa mara ya kwanza nikamweleza habari ya kiambatisho: kwamba fomu ile ilikuwa ya spea, kwamba angesema imesimama tungeletewa shafti, na kwamba nilikatazwa kusema.

Nilidhani atakasirika, na ningefurahi akikasirika.

"Kwa hiyo uliiona shafti pale chini," alisema.

"Niliiona, baba."

"Ukaandika inafanya kazi."

"Wewe ulisema inafanya kazi."

"Nilisema," alikubali. "Nilikuwa namwambia mwanangu. Nimekusomesha kwa kile kinu, ukaja na viatu vyako vizuri, nikuambie nini? Kwamba miezi yote ile baba yako alikuwa anakwenda kukaa?" Alivuta pumzi. "Serikali ingekuja yenyewe ningeiambia ukweli."

"Ile ilikuwa serikali, baba. Ndiyo iliyonituma."

"Najua. Mimi nilikuwa naficha aibu yangu kwako." Alinigeukia, na hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza fundi mahali mashine inapoumia. "Wewe, mama, ulikuwa unaficha kwa ajili ya nani?"

Nilifungua mdomo kusema kwa ajili yako. Yalikuwa maneno mazuri na nilikuwa nimeyaandaa njiani. Lakini kwenye mkoba wangu palikuwa na barua nyingine, iliyofika wiki hiyohiyo, ambayo nilikuja nayo nimwonyeshe, nikidhani itampunguzia machungu. Ilikuwa ya kunipandisha cheo, kwa umakini katika kazi ya takwimu za viwanda. Niliuvuta mkoba nikauweka upande wangu wa pili, mbali naye, nikamwambia sijui.